Mkoromo wa Kiraka

Debe tupu haliachi kutika, na begi tupu nalo lina yake. Niliingia kwenye jengo lile nimeshika kikapu cha paka mkono wa kulia na begi kubwa la magurudumu mkono wa kushoto, begi ambalo ndani yake hamkuwa na hata leso. Nilikuwa nimelileta likajae huko juu kwa nguo za mwanangu. Alikuwa amenipigia simu asubuhi, akasema maneno machache tu: "Mama, njoo unichukue. Njoo kabla mume wangu hajatoka kazini. Siwezi tena." Nikauliza, amekufanya nini? Simu ilikuwa imeshakatwa.

Mama akiambiwa hivyo, yaliyobaki huyajaza mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nimeshamwona mkwe wangu akiinua mkono, akifunga mlango kwa kufuli, akificha viatu vya mwanangu asitoke. Mtu ambaye siku ya kwanza kuja kwangu alitetemeka mpaka akajimwagia chai magotini! Lakini hasira haina kumbukumbu. Nilimkatia hukumu kabla sijashuka kwenye gari.

Paka nilimbeba kwa hila. Kiraka ni paka wa mwanangu, amemlea tangu hajafumbua macho, akaniachia alipoolewa. Ana rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, na nikiona paka wa hivyo sihitaji kumgeuza kumkagua: karibu wote huwa majike. Haya niliyajua kazini. Nimekaa mapokezi ya kliniki ya mifugo mpaka nikastaafu, na daktari wetu alikuwa mtu wa kuongea, kila akishona jeraha ananipa somo. Nilijisemea, mwanangu akisita mlangoni, akaanza yale ya "mama, ngoja kwanza," nitamfungulia kikapu. Kiraka atamaliza kazi.

Basi nikasimama mbele ya lifti, nikabonyeza. Mlango ukafunguka nyuma yangu, si wa lifti, wa barabarani, na sauti ikasema, "Mama! Shikamoo mama!"

Alikuwa mkwe wangu. Amerudi mapema.

"Marahaba, baba," nikasema, na moyo wangu ukanienda mbio kama wa mwizi.

Alikuwa na ovaroli yake ya kazi, mikono mitupu, uso unang'aa kwa furaha ambayo sikuielewa. Mkwe wangu ni fundi wa lifti. Anazihudumia za majengo mengi, na katika jengo hili amepewa nyumba ya juu kabisa, bila kodi, jirani na chumba cha mitambo. Nimewahi kuwaringia majirani kwa hilo. Kwa adabu aliyofunzwa kwao akaninyang'anya begi kabla sijasema lolote. Alijiandaa kubeba uzito, akalivuta kwa nguvu, likaruka juu likakaribia kumpiga kidevuni.

"Mama, mbona jepesi hivi?"

"Nguo za mtu mzima ni nyepesi," nikamjibu.

Sijui nilikuwa na maana gani. Lakini heshima ya ukwe ni kitu kikubwa. Akatikisa kichwa akasema, "Kweli mama," kana kwamba jambo hilo analifahamu siku nyingi.

Tukaingia. Akabonyeza ghorofa ya juu kabisa. Nikawa napanga: nitasema nini mwanangu akifungua mlango na sanduku lake la safari liko sebuleni? Nitajifanya naumwa? Tumeipita ya sita, taa ikazimika, sakafu ikatuchezesha kidogo chini ya miguu, na lifti ikasimama.

"Umeme," akasema gizani, kwa sauti ya mtu aliyezoea. "Usiogope mama."

"Nani anaogopa?" nikasema, nikiwa nimeshika ukuta kwa kucha.

Akawasha tochi ya simu. Mtandao hakuna, ndani ya sanduku la chuma simu ni tochi tu na saa. Yangu nayo vilevile. Tulipiga kelele, tukagonga. Wapangaji wa ghorofa hizo wote walikuwa makazini, na ngazi ziko mwisho wa ukumbi. Sauti zetu zilituzunguka zikaturudia.

"Haitaanguka?" nikauliza, nikijaribu kuuliza kama mtu anayeulizia bei ya nyanya.

Hapo akawa fundi. Akasimama wima, sauti ikapata uzito. "Mama, lifti yenye watu wawili haitaki kuanguka, inataka kupanda. Upande wa pili wa kamba kuna vyuma vizito kuliko sisi. Mtu akienda chumba cha mitambo akailegeza breki, tutapanda wenyewe taratibu mpaka juu, hahitaji hata kutoa jasho. Kutushusha ndiko kazi. Hapo lazima azungushe gurudumu kwa mikono, na mikono itajua."

"Basi mwite huyo mtu."

"Ndiyo hiyo kengele hapa, mama. Ina betri yake, haijali umeme." Akanyoosha kidole kwa majivuno kwenye kitufe chenye picha ya kengele. Kidole kikafika, kikasita, kikabaki hewani. Kisha akaegemeza paji la uso ukutani, na nikamsikia akisema polepole, "Lahaula."

"Nini?"

"Nimeikatia waya jana, kule juu. Mimi mwenyewe."

Jamani! Nimeishi na mafundi wa kila aina. Seremala wa kwetu alikuwa na kitanda cha miguu mitatu na tofali, na mganga hajigangi, najua. Lakini fundi wa lifti kukata kengele ya lifti yake kisha akaipanda na mama mkwe wake! Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia. Alisimama akayapokea yote, macho chini, "ndiyo mama, ndiyo mama," mpaka nikaishiwa pumzi na hasira ikakosa pa kukaa.

"Haya, uliikatia nini?" nikauliza.

"Kwa ajili ya mwanao."

Nikatega sikio nisikie uongo utakavyokuja. Akaniambia kengele hii hailii kwa mlinzi. Inalia sebuleni kwake. Ndiyo masharti ya nyumba: fundi anakaa bure, lakini saa zote lazima awepo mtu karibu na kengele, anayejua kuwatoa waliokwama. Yeye akiwa majengo mengine, anayebaki ni mke wake. Alimfundisha kila kitu, breki, gurudumu, ufunguo wa milango, na mwanangu amewatoa watu wengi kuliko mafundi wengine wenye vyeti.

"Na akitaka kwenda sokoni?"

"Ananisubiri nirudi."

"Wewe unarudi saa ngapi?"

"Jioni, mama. Siku nyingine jioni inachelewa."

"Na akitaka kuja kwangu?"

Akainamisha tochi sakafuni. Nikakumbuka nilivyolazwa, nilivyokaa naangalia mlango wa wodi, nilivyowaambia wagonjwa wenzangu kwamba mume wake ndiye anayemkataza. Kumbe hakumkataza mtu. Kulikuwa na kengele tu. Nilikuja tayari kwa zimwi, nikakuta kijana wa watu aliyejikunja kwenye kona ya lifti, na sikujua nifanye nini na hasira niliyoibeba kutoka nyumbani.

Kikapuni Kiraka akaanza kukoroma, ule mkoromo wa paka, kama cherehani inayoshona chumba cha pili. Giza lilifanya usikike mkubwa.

Mkwe wangu akacheka kidogo. "Angalau mwenzetu ana raha zake."

"Hana raha," nikasema. "Anaogopa."

"Si anakoroma, mama?"

"Paka hakoromi kwa raha tu. Kliniki waliletwa waliogongwa na pikipiki, mguu umevunjika, wamelala mezani wanakoroma. Wengine wamekoroma mpaka wakakata roho mkononi mwa daktari. Anajibembeleza. Na paka ni fundi wa kuficha maumivu. Mwenye paka anakuja anasema, daktari, jana alikuwa mzima kabisa, na daktari akimgusa anakuta jeraha la zamani."

Nilisema tu, ili kupitisha muda. Lakini tochi ilikuwa inammulika usoni kutoka chini, nikaona uso umembadilika.

"Mama," akasema. "Na mtu je?"

"Mtu amefanyaje?"

"Mke wangu huimba. Kila nikirudi nasikia sauti yake kabla sijaingiza ufunguo. Anaimba akipika, anaimba akikunja nguo. Hata wenzangu nimewaambia: mimi mke wangu ni mtu wa furaha."

Nikafumba macho. Mwanangu huyo tulimwita Kinanda tangu mdogo. Siku alipoanguka kutoka juu ya ukuta mkono ukavunjika, aliimba njia nzima kwenda hospitali. Alipofiwa na baba yake aliimba akiosha vyombo vya wafiwa, watu wakamwona hana haya. Mimi namjua. Nilidhani kila mtu anamjua.

"Baba," nikamwambia, "mwanangu akinyamaza, au akigomba, lala usingizi. Akiimba, amka."

Akakaa sakafuni, pwaa. Kiraka alikuwa anaendelea kukoroma, na kwa kweli kila mkoromo nilitamani uishe. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Juzi nimekuta kiatu chake chini ya kengele. Ameitupia. Nikasema, kelele zimemchosha. Ndipo nikaikata. Leo nimeomba ruhusa, mfuko wa vifaa nimeuacha kwa mwenzangu, niwahi kumwambia. Nilitaka kumshtukiza."

Kumbe ule uso wa furaha pale chini ulikuwa huo.

Miguu ikaanza kunilalamikia. Mkwe aliona, akaniwekea begi, "Kaa hapa mama, upumzike," na mimi mjinga nikasahau. Nikakaa. Begi likabonyea chini yangu lote kwa mara moja, magurudumu yakateleza, nikazama katikati yake miguu juu. Alinivuta, akaniomba radhi, akanikung'uta mabega. Kisha akalitazama begi. Akaligusa kwa kidole, likabonyea tena.

"Mama, hili begi halina kitu."

"Halina."

"Umekuja kumchukua."

Ningeweza kutafuta jibu jingine la nguo nyepesi. Sikutafuta. "Ndiyo," nikasema. "Amenipigia mwenyewe asubuhi."

Halafu akaugeukia mlango kama ndiye adui yake. Akavua mkanda, akaingiza kile chuma chake cha kufungia kwenye ufa, akasukuma, akavuta, mishipa ikamtoka shingoni. Mlango wa ndani ukakubali. Tulikuwa tumekwama kati ya ghorofa mbili: mbele yetu ukuta mtupu wa saruji mpaka kifuani, na juu yake kipande cha chini cha mlango wa ghorofa ya saba. Akauvuta nao. Ukasogea kidogo, nuru ya mchana ikaingia, ukang'ang'ania hapo. Wapangaji walikuwa wameugonga kwa kabati walipokuwa wanahama, akasema, na tangu siku hiyo anasema atautengeneza kesho. Nafasi iliyobaki ilitosha kupitisha mkono tu.

"Ungefunguka wote nisingekuruhusu kutambaa," akaongeza. "Umeme ukirudi mtu akiwa nusu ndani nusu nje... tumeshazika fundi kwa hilo."

Tukauangalia ule ufa. Kuta zilikuwa zimenikaribia tangu nuru iingie. Gizani nilikuwa nimesahau udogo wa chumba. Jasho lilinitiririka mgongoni. Mkwe wangu alitembea, hatua moja huku, hatua moja kule, akigeuka kila mara kwenye begi.

"Kukwama si kitu," akasema kwa uchungu. "Kinachoua ni kusubiri. Umekaa tu, hujui mpaka lini, huwezi kufanya lako."

Nilimtazama tu. Maneno yake yakamrudia mwenyewe polepole, nikaona yanavyomfikia. Akaacha kutembea.

Nikafungua kikapu.

"Atapita?" akauliza.

"Mwache apime."

Kiraka alitoa kichwa, akanusa, nikamwinua mpaka kwenye ule ufa. Masharubu ya paka ni kipimo chake. Yana upana unaokaribia wa mwili wake, na akiyaona yamegusa pande zote hurudi nyuma. Haya hayakugusa sana. Kichwa kikaingia. Kichwa kikiingia umemaliza, kwa sababu mifupa ya mtulinga ya paka haijashikana na mifupa mingine kama yetu, inaelea ndani ya nyama, na mabega yanajikunja yanavyotaka. Nikauona mwili wote ukimiminika kama uji, mkia ukafuata, akawa nje. Niliona wivu wa kweli. Ningeutoa utu wangu wote kwa yale mabega.

"Atakwenda kumwita?" mkwe wangu akanong'ona.

"Paka si tarishi, baba."

Na kweli. Kiraka alikaa pale pale juu, umbali ambao mkono haufiki, akainua mguu mmoja, akaanza kujilamba tumbo.

"Kiraka," mkwe wangu akaanza kubembeleza. "Kiraka mama yangu, panda ngazi, tafadhali. Kuna pipi nitakupa, kuna keki..."

"Unapoteza maneno. Ulimi wa paka hauonji utamu. Mpe sukari mpe mchanga, ni mamoja."

"Basi nifanye nini?"

"Kwanza acha kumkodolea macho, kwake hiyo ni vita. Fumba polepole, fumbua polepole. Ndiyo salamu yao."

Ninyi hamkuwepo, mngelipa kiingilio. Lijitu zima, ovaroli, mabega mapana, limesimama kwa ncha za vidole limeshika kingo za saruji, linampepesea paka macho kwa adabu zote. Kiraka aliacha kujilamba. Akamwangalia. Akafumba yake taratibu, akafumbua. Kisha akanyanyuka, akajinyoosha, akatupa mgongo, akaenda zake upande wa ngazi.

"Ameondoka," akasema mkwe wangu, na sauti ilikuwa ya mtoto.

Tukabaki. Sina la kueleza kuhusu muda ule ila kwamba nilianza kuhesabu makosa ya watu wote ninaowajua, na nilipofika kwangu nikaacha.

Ndipo tukasikia, mbali, ukumbini: nyau, kituo, kisha nyaaau ndefu inayopanda mwishoni kama swali.

Nikamshika mkwe wangu mkono, mkono mtupu, heshima kando. "Amemwona!"

"Umejuaje?"

"Paka wakubwa hawaliliani nyau. Wana mikwaruzo na milio yao ya vita, lakini nyau wameitunga kwa ajili yetu watu, na kila paka anamtungia mtu wake ile anayoona inafanya kazi. Hiyo ni ya mwanangu peke yake. Mimi nimemlisha miaka yote hii, hajawahi kunipa hiyo hata siku moja."

Na sauti ya mwanangu, karibu, imejaa mshangao: "Kiraka? Wewe umetoka wapi?"

Tukapiga kelele wote wawili. Hatua zikaja mbio. Kwanza nikaona magurudumu ya sanduku, kisha viatu vyake, si vya nyumbani, vile vya safari. Mkwe wangu aliviona pia. Mwanangu alilala kifudifudi sakafuni, jicho lake moja na nusu ya mdomo vikatokea kwenye ufa.

"Mama! Nimepiga simu hupatikani, nikajua umeghairi. Nikasema nitaondoka peke yangu." Jicho likahama. "Na wewe uko humo?"

"Mke wangu," akasema, haraka, maneno yakigongana. "Kengele nimeikata. Haitalia tena. Nilikuwa nawahi kukuambia."

Mwanangu alimvuta Kiraka karibu. Kiraka alikuwa anajisugua kwenye nywele zake, anampaka harufu yake, anamfanya wake upya.

"Nimejua tangu asubuhi," akasema. "Nimeona ile taa yake nyekundu haiwaki. Nikasema, haya, imekufa, niko huru, sasa nitatoka. Nikavaa viatu. Halafu nikakaa. Nimekaa kwenye kiti kilekile, karibu yake, naisikiliza. Imekufa, na mimi bado nimekaa naisikiliza. Nikajiogopa. Ndipo nikampigia mama."

Mkwe wangu alikuwa amekata waya, na waya haukuwa tatizo.

"Ufunguo wa mitambo..." akasema mwishowe.

"Ninao. Nilikuwa nikuachie kwa mlinzi." Akasimama. Viatu vikaondoka kuelekea ngazi za juu, Kiraka nyuma yake mkia wima, hata hakutupa jicho.

Tulifunga milango yetu kama fundi alivyoagiza, tukasimama gizani. Kwa sauti ndogo akanikumbusha: "Ataachia breki tu, mama. Tutapanda wenyewe. Tukifika juu nitaongea naye, nyumbani, taratibu. Atanisikia." Alikuwa ananiomba mimi nikubali, kana kwamba breki ilikuwa mkononi mwangu.

Juu yetu chuma kikagonga chuma. Sakafu ikajongea.

Tukashuka.

Nilidhani nimekosea. Lakini fundi hakosei kwenye lifti yake. Kwanza alisema, "Anatupeleka ya sita, ndiyo iliyo karibu." Kupitia kwenye ufa wa mlango tukaona mstari wa nuru ukipanda taratibu, ukapita, ukapotea juu. Lifti ilisita, ikatulia, ikashuka tena kidogo, ikasita, kila mzunguko wa gurudumu tukiusikia kwenye nyayo.

"Ya sita imepita," akasema. Baada ya muda mrefu: "Ya tano." Halafu hakutaja nyingine. Mwanangu angeweza kutuleta juu kwake bila jasho, na alichagua kutushusha mpaka chini kwa mikono yake.

Sauti yake ilitufikia kutoka juu, imepasuliwa na ule mrija mrefu wa zege. Mkwe wangu akatega sikio, hofu usoni.

"Anaimba?" akauliza.

Nikasikiliza. Hakuwa anaimba. Alikuwa anaitukana lifti. Anaitukana kamba, gurudumu, mwenye jengo, fundi na ukoo wa fundi, akivuta pumzi, akianza upya. Sikuwahi kumsikia hivyo tangu nimzae. Machozi yakanitoka, na nilikuwa nacheka.

"Anatutukana," akasema mkwe wangu.

"Ndiyo baba. Shukuru Mungu."

Alipotufungulia mlango wa chini, mikono ilikuwa myeusi kwa grisi, nywele zimebandikana usoni, Kiraka begani, sanduku pembeni yake. Umeme ulirudi papo hapo. Taa ya ukumbi ilitufanya tufumbe macho. Nilimkumbatia grisi na yote. Kisha nikasogea pembeni, nikajifanya naangalia begi langu.

"Mikono yako," mumewe akamwambia.

"Itapona."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilikuambia wakati tunahamia, ukasema tuvumilie, nyumba ni ya bure." Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu. "Na jana usiku ungeniambia umeikata, tungecheka wote."

"Nilitaka kukushtukiza."

"Nimeshtuka."

Mtu mwingine angelia. Yeye alitikisa kichwa mara nyingi, akauliza, "Utarudi?"

"Nakwenda kwa mama. Njoo Jumapili unione, tuongee."

"Nitakuja. Wallahi nitakuja." Akalichukua sanduku la mkewe, na begi langu tupu mkono wa pili, "Ngoja niwasindikize mpaka barabarani." Nikamhurumia, mimi niliyekuja na hukumu mkononi.

Wakati huo mpangaji mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni na mifuko ya sokoni, alitupita kwa salamu, akaingia kwenye lifti. Mlango ukajifunga nyuma yake. Tukaisikia ikipanda.

Mkwe wangu alikuwa ameshafika kizingitini, mguu mmoja nje. Akasimama. Akageuka kuitazama lifti, kisha juu, kisha mkewe. Akayaweka mabegi chini taratibu.

"Siwezi kutoka," akasema. "Kuna mtu ndani, na kengele haifanyi kazi."

Mwanangu alimwangalia. Akachukua ufunguo wa mitambo mfukoni, akamwekea mkononi, akamkunjia vidole juu yake.

"Enhe," akasema.